Mkazo Si Pambo

Msomaji kijana, ukivuka kwa feri kutoka kisiwani Mombasa ukafika Likoni, ufuo wa Shelly Beach hauko mbali. Keti pale usikilize. Utasikia lugha za wageni, na huenda ukamsikia kijana wa kwetu akisema kwamba Kitaliano kina kanuni ngumu, bali Kiswahili ni lugha nyepesi isiyo na la kujifunza. Maneno hayo nayakana. Kujua lugha ya mgeni si aibu. Aibu ni kudharau yako.

Mtaliano husema *telefona*, yaani piga simu, na mkazo hukaa juu ya *le*. Akitaka kusema nipigie, huongeza *mi*: *telefonami*. Kitenzi kimerefuka, lakini mkazo haukuondoka juu ya *le*. Sisi husema *soma*, mkazo juu ya *so*. *Somesha*, juu ya *me*. *Someshana*, juu ya *sha*. *Someshaneni*, juu ya *ne*. Kila kiungo kiongezwapo mwishoni mkazo huhama, ukakaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Je, hiyo si kanuni?

Tazama na silabi. Mtaliano hukata *man-da*, *n* ikafunga silabi ya kwanza. Sisi hukata *pe-nda*, kwa kuwa silabi yetu hupenda kuishia kwa vokali. Aandikaye *pen-* mwishoni mwa mstari ameikata lugha yake kwa kisu cha kuazima.

Watajibu kuwa mzaliwa wa Pwani hahitaji kanuni, ulimi wake wajua. Kweli, ulimi wajua kusema, lakini haujui kueleza. Muulize huyo mzaliwa kwa nini twasema *anakula* wala hatusemi *anala*, hali *akila* haidai *ku*. Atasema ni desturi. Desturi hiyo ina sababu: *na* ya wakati haibebi mkazo, basi *ku* hubaki iubebe, *ki* huubeba yenyewe, kwa hiyo *ku* haihitajiwi.

Wala mkazo si pambo. Katika neno *barabara*, ukikaza silabi ya tatu umetaja njia. Ukikaza ya pili umesema sawasawa.

Jifunze Kitaliano ukipenda, kwani lugha ni mali. Lakini usiende kuhesabu nguzo za nyumba ya jirani, nawe za kwenu hujazihesabu.