Nyumbu Apewe Ziwa, na Mvuvi Je?

Ndugu wananchi wa Mwanza na wa mwambao wote wa Ziwa, habari ya Nyatwali yatuhusu sisi sote.

Ukishika barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ukaipita Lamadi, kulia kwako ni lango la Ndabaka la mbuga ya Serengeti. Upande wa kushoto, hadi Ghuba ya Speke, ni Nyatwali ya Bunda, kata ya wavuvi, wakulima na wafugaji. Kuanzia mwaka 2022 watu wale, zaidi ya elfu kumi, walitakiwa kuhama ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani, maana Mto Mara hupungua sana wakati wa kiangazi.

Sisi hatuna ugomvi na nyumbu. Kiu ni kiu. Lakini twauliza: Mto Mara nani kaupunguza? Si mvuvi wa Nyatwali! Msitu wa Mau ulikatwa huko Kenya, na mashamba makubwa hunyweshwa kwa maji ya mto huo. Deni wamekopa wengine.

Na fidia je? Mthamini huhesabu ekari, nyumba na miti. Ziwa halina ekari. Mvuvi akipelekwa bara na fedha yake mkononi, mtumbwi ataueleza wapi? Mama muuza dagaa ataanika nini?

Jambo hili si geni. Kule Rubondo, upande wa pili wa Ziwa, wavuvi waliondolewa katika miaka ya 1960, na kati ya mwaka 1966 na 1969 wakaletwa sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Sokwe mgeni akapata kisiwa, mwenyeji akakikosa.

Tena Kanuni za mwaka 2011 zilimwekea mtu aliyeuawa na mnyama kifuta machozi cha shilingi milioni 1. Watalii saba wakiingia Serengeti, kiingilio chao cha siku moja kinazidi fedha hiyo.

Twataka mambo mawili. Anayehamishwa kutoka ziwani apewe mahali pengine penye ziwa. Na wakubwa watuandikie wazi, kwa wino, kwamba ufukwe alioondolewa mvuvi kwa ajili ya nyumbu hautajengwa hoteli. Twangoja jibu.