Risala ya Wapima Macho wa Kamina kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Lomami

Mheshimiwa Waziri,

Sisi tunaopima macho na kutengeneza miwani hapa Kamina tunakuletea jambo linalotukosesha usingizi: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho.

Aliingia kwetu mzee mmoja, mstaafu wa reli. Alisoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho, jicho moja moja, bila kukosea. Alitaka miwani ya kusomea Biblia, tukamuuzia. Alipoinuka, goti lake liligonga kiti kilichokuwa ubavuni mwake, kisha bega likagonga mlango. Hakuwa amelewa. Glakoma hula pembeni kwanza, bila maumivu wala wekundu, na katikati hubaki safi hadi mwisho. Ubao wa herufi hauioni. Tuliona kiti kikianguka, na hatukuwa na kifaa cha kumpimia.

Mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Kinachookolewa ni kile kilichobaki, kwa matone au upasuaji. Nasi watu weusi ugonjwa huu hutushika mapema zaidi. Basi, mtu akishafika miaka 40 na kitu huanza kushindwa na maandishi madogo, akaja kwetu mwenyewe bila kuitwa. Hapo ndipo pa kumkamatia ugonjwa. Leo anatoka na miwani tu.

Tunadai vipimo vya presha ya macho, pamoja na tochi za kutazamia ndani ya jicho na mafunzo yake, maana wapo ambao presha yao haivuki kikomo cha kawaida cha milimita 21 za zebaki na bado mshipa unaharibika. Tunadai daktari wa macho afike Kamina kwa tarehe inayojulikana: wengi tuliowaelekeza Lubumbashi hawakusafiri kamwe. Matone ya timololi, yanayoshusha presha ya jicho, yasikosekane hospitalini, kwani hutiwa kila siku, maisha yote, na yatolewe na aliyefunzwa, maana mwenye pumu yaweza kumbana kifua. Na kila atakayegunduliwa, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja waitwe, wapimwe bure. Ugonjwa huu hufuata ukoo.

Mzee yule tunajua anakokaa. Vifaa vikifika, tutaanzia kwake.

Wapima macho na watengeneza miwani,
Kamina