Kizuri Chajiuza: Kisa cha Jina la Datsun

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na desturi ya kukipa kitu jina la kule kilikotoka. Kitambaa cha pamba kilicholetwa na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19 walikiita merikani, na hata vitambaa vya namna hiyo vilipoanza kutoka nchi nyingine, jina halikubadilika. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuliamini. Siku zetu hizi neno nisani limepata bahati hiyo hiyo. Matwana ya abiria 14 ipitayo Mwembe Tayari huitwa nisani, hata kama bodi yake imeandikwa Toyota, na abiria hana haja ya kuuliza ilikotengenezwa.

Lakini nisani ni jina la mdogo mtu. Kaka yake, aliyemtangulia katika barabara zetu na kumfungulia njia, aliitwa Datsun. Vijana wa leo hawamjui sana, lakini waulizeni mafundi wazee wa gereji watawaeleza. Kisa cha jina hilo chastahili kusimuliwa, kwa kuwa ni jina lililopatikana kwa jasho, likatupwa na wenyewe, kisha likafufuliwa ili kuuza kitu ambacho hakikulistahili. Nasi tuishio karibu na bandari, ambao wengi wetu tunapata riziki kutokana na motokaa za Kijapani, tuna la kujifunza humo.

Mambo yalianza mwaka 1911 mjini Tokyo, wakati Masujiro Hashimoto alipofungua karakana yake iliyoitwa Kwaishinsha. Japani ya siku hizo haikuwa nchi ya magari. Motokaa chache zilizoonekana zilitoka Ulaya na Marekani. Hashimoto alitaka kuunda gari la Kijapani, naye alisaidiwa na watu watatu waliotoa mali yao: Den, Aoyama na Takeuchi. Gari lake lilipotokea mwaka 1914 alilipa jina la DAT, herufi za kwanza za majina ya wafadhili hao. Tena neno hilo likikaribiana na neno la Kijapani lenye maana ya sungura anayekimbia kwa kasi. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 motokaa za kampuni hiyo zilipambwa kwa sanamu ndogo ya sungura, au kitungule kama tumwitavyo huku kwetu, akiruka mbele ya boneti.

Mwaka 1931 kiwanda kilitengeneza gari dogo kuliko yale ya awali, nalo likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT kwa Kiingereza. Hapo pakazuka tatizo. Sauti hiyo ya mwisho, "son", kwa Kijapani ina maana ya hasara. Ni mfanyabiashara gani atakayeuza bidhaa iliyoandikwa hasara? Mwaka uliofuata herufi moja ilibadilishwa na jina likawa Datsun, ambalo mwisho wake kwa Kiingereza ni jua, na jua ndilo alama ya bendera ya Japani. Mwaka 1933 tajiri Yoshisuke Aikawa alianzisha kampuni ya kuunda magari mjini Yokohama, na mwaka 1934 kampuni hiyo ikaitwa Nissan, kifupisho cha maneno yenye maana ya Viwanda vya Japani. Tangu hapo Nissan ikawa jina la kampuni, na Datsun likawa jina la motokaa zake ndogo.

Vita Vikuu vya Pili viliiacha Japani magofu. Nissan ilipoanza tena kuunda motokaa ndogo mwaka 1947, ilijua kwamba imeachwa nyuma sana. Haikuona haya kwenda kujifunza. Mwaka 1952 ilifanya mkataba na kampuni ya Austin ya Uingereza, ikapata ruhusa ya kuunganisha magari ya Austin nchini Japani, na wahandisi wake wakatumia miaka hiyo kuchunguza kila kipande. Aulizaye hapotei njia. Miaka ishirini baadaye Waingereza wenyewe walikuwa wakipiga foleni kununua Datsun.

Hata hivyo, kujua kuunda ni jambo moja, na kuaminiwa ni jambo jingine. Katika miaka ya 1950 kitu cha Kijapani kilidharauliwa duniani kote kama kitu cha rahisi kisichodumu. Dharau hiyo haikuondolewa kwa matangazo. Mwaka 1958 mfanyakazi mmoja wa Nissan, Yutaka Katayama, alipeleka Datsun mbili kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, na mojawapo, iliyopewa jina la mlima Fuji, ikashinda katika daraja lake. Mwaka 1960 Katayama alitumwa Marekani, ambako motokaa zile zilionekana ndogo na nyonge. Alizunguka kutafuta wauzaji, akasikiliza malalamiko ya wanunuzi, kisha akawaandikia wakubwa wake kuwaeleza kinachotakiwa. Matunda yake yalikuwa Datsun 510 ya mwaka 1967, na baadaye gari la mbio ambalo Japani liliitwa Fairlady Z. Katayama aliona jina hilo halifai, akaagiza libanduliwe na mahali pake paandikwe 240Z. Aliaga dunia mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 105.

Mahakama iliyolithibitisha jina la Datsun mbele ya ulimwengu, lakini, haikuwa Marekani wala Australia. Ilikuwa hapa petu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, hayakuwa na huruma. Siku moja ni vumbi la kuziba macho, siku ya pili ni matope ya kumeza magurudumu. Mwaka 1963 kampuni ya Nissan ilishiriki kwa mara ya kwanza. Katika magari zaidi ya 80 yaliyoondoka, 7 tu yalifika mwisho, na la Nissan halikuwamo. Wengine wangekata tamaa. Wajapani walirudi. Mwaka 1966 wakapata ushindi wa daraja lao, na mwaka 1970 Edgar Herrmann, akiendesha Datsun 1600 SSS, akatwaa ushindi wa jumla. Mwaka 1971 Herrmann akashinda tena, safari hii kwa 240Z.

Kisha akaja Shekhar Mehta. Kijana huyu alizaliwa Uganda mwaka 1945, na jamaa yake ililazimika kuihama nchi hiyo mwaka 1972 wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka 1973, akiwa Kenya, alimaliza Safari akiwa na alama sawa na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun. Ilibidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu, na Mehta akatawazwa bingwa. Halafu akashinda mfululizo mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mara zote akiwa na Datsun. Hivyo akawa ameshinda Safari mara tano.

Ushindi huo ulikuwa na maana gani kwa mtu wa kawaida, ambaye hana nia ya kushindana na yeyote? Ulikuwa na maana kubwa. Mwenye duka aliyetaka pikapu ya kuchukulia nazi na viazi alijiuliza: ikiwa gari hili limetoka katika yale matope, litashindwa na njia yangu? Tena bei yake haikuwa ya kutisha. Lilikunywa mafuta kidogo, jambo lililopata uzito baada ya mwaka 1973, wakati bei ya petroli ilipopanda ghafla. Ukifunua boneti uliiona injini yote, na fundi mwenye spana chache aliweza kuifikia sehemu aitakayo bila kuteseka. Huko Ulaya, Datsun 120Y ilikuja na redio ndani yake bila kuongezwa bei, wakati makampuni mengine yalitoza pesa kwa kila kikorokoro.

Tusimpambe bwana harusi kupita kiasi. Datsun za miaka hiyo zilikuwa na adui mmoja mkubwa, nayo ni kutu. Uingereza, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi, bodi zake ziliozea huku injini ikiendelea kunguruma. Sisi tunaopuliziwa na upepo wa bahari hatuhitaji kuelezwa habari hiyo. Lakini wanunuzi walilijua kosa hilo na bado wakalipenda gari, kwa sababu ahadi yake kubwa, ya kumfikisha mtu aendako, ililitimiza. Pikapu ya Datsun 1200 ilipendwa hivi kwamba Afrika Kusini waliendelea kuitengeneza, kwa jina la Nissan 1400, hadi mwaka 2008.

Basi wenyewe wakafanya nini na jina hilo? Mwaka 1981 Nissan ilitangaza kwamba jina la Datsun litaondolewa, ili magari yote yajulikane kwa jina la kampuni. Kufikia mwaka 1986 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Mabango yalibadilishwa, wauzaji wakachapa karatasi mpya, na wanunuzi katika nchi nyingi wakabaki wakiuliza kama Datsun imefilisika.

Lakini hilo lilikuwa kosa la hesabu tu. Lililokuja baadaye ni zito zaidi. Mwaka 2012 kampuni, chini ya Carlos Ghosn, ilitangaza kulifufua jina hilo, na mwaka 2013 motokaa mpya, Datsun GO, ikaonyeshwa New Delhi. Ilikusudiwa watu wa kipato kidogo wa India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini, wale wanaonunua gari la kwanza maishani. Nia ya kumpatia mnyonge gari la bei nafuu si mbaya. Mwaka 2014, hata hivyo, shirika la Global NCAP linalopima usalama wa magari lililigongesha gari hilo, lile lililouzwa India bila mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Halikupata hata nyota moja kwa usalama wa watu wazima, na shirika likasema bodi yake ni dhaifu kiasi kwamba hata mifuko ya hewa isingefaa kitu. Likataka gari liondolewe sokoni. Mauzo hayakufikia matumaini, na mwaka 2022 utengenezaji ukakoma. Jina lililoshinda Safari mara saba likazikwa mara ya pili.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie afikiri. Jina ni lile lile, herufi zile zile sita. Mwaka 1970 lilikuwa ushahidi wa kazi iliyofanywa. Mwaka 2013 lilikuwa kilemba cha kumvisha mtu asiyekistahili. Waliolifufua walidhani imani ya watu imo ndani ya jina, kumbe ilikuwa ndani ya chuma. Na aliyetakiwa kulipa gharama ya kosa hilo ni maskini aliyejinyima miaka mingi ili aipandishe jamaa yake gari.

Tusiwacheke Wajapani, maana jambo hili tunalo mlangoni petu. Kila wiki bandari ya Mombasa hushusha magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo, kama yetu, huendesha upande wa kushoto. Sheria ya Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Magari hayo huuzwa kwa sifa ya jina. Lakini wako wauzaji, nao si haba, wanaorudisha nyuma mita ya maili ili gari lililochoka lionekane kijana. Wako wanaopaka rangi juu ya mahali palipogongwa. Na wako wenye maduka ya spea wanaotia breki hafifu ndani ya boksi lenye jina la Kijapani, breki ambazo hazijapata kuiona Japani. Anayenunua ni dereva wa matwana, na nyuma yake wameketi watoto wetu waendao madrasa na shule.

Sisi twasema huo si ujanja wa biashara. Ni kula amana ya watu. Tumelelewa tukifundishwa kwamba muuzaji huitaja aibu ya bidhaa yake kabla hajapokea pesa, na mwenye kuificha, hata akipata faida, faida hiyo haina baraka. Muuzaji wa magari na aandike katika stakabadhi maili za kweli na ajali ya kweli. Mwenye duka na aseme waziwazi hii ni spea halisi na hii ni ya kuiga, kisha mteja achague kwa kadiri ya mfuko wake. Hakuna ubaya kuuza kitu cha bei ndogo. Ubaya ni kukipa jina la kingine.

Mnunuzi naye asijitoe lawamani. Wengi wetu tunanunua jina, tunaona haya kuuliza maswali mbele ya mwenye yadi. Nenda na fundi wako, mwache alale chini ya gari, na akuonyeshe kilichoshikana na kilichoachana. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Datsun ya kwanza ilijiuza katika matope ya Safari, ambako hakuna aliyejali imeandikwaje ubavuni. Ile ya mwisho ilitembezwa nchi kwa nchi kwa sifa za marehemu, na watu hawakuinunua.