Mfadhili Naye Ahojiwe

Kauli inayosikika katika karibu kila hafla ya kukabidhi mradi, kuanzia mwambao wa Ziwa Nyasa hadi Dar es Salaam, kwamba anayesaidiwa apaswa kushukuru na si kuhoji, imerudiwa mno hata ikadhaniwa kuwa ni adabu. Kwa imani hiyo, wasomi wa mrengo wa kushoto wanaoutilia shaka ufadhili wa kitaasisi, yaani utaratibu wa tajiri kuweka sehemu ya mali yake katika wakfu wenye bodi ili igawiwe kwa malengo aliyoyachagua yeye, huitwa watovu wa shukrani.

Wanachokipinga ni mamlaka yanayoandamana na msaada. Mkulima wa kakao wa Ndandalo, wilayani Kyela, humpigia kura diwani wake kila baada ya miaka 5, na katika mkutano mkuu wa chama chake cha msingi cha ushirika, kinachokusanya kakao na kuipeleka mnadani, aweza kuing'oa bodi iliyomdhulumu. Lakini wakfu wa Seattle au New York ukiamua mbegu ipi isambazwe na zao lipi litafitiwe, mkulima huyo hana kura wala mkutano. Nani aliwachagua wafadhili hao?

AGRA, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa fedha za wakfu za Rockefeller na Gates ili kueneza mbegu za kisasa na mbolea za viwandani, iliahidi kuongeza maradufu mavuno na kipato cha kaya milioni 30 za wakulima wadogo ifikapo 2020. Mwaka huo huo, utafiti wa Timothy Wise wa Chuo Kikuu cha Tufts ulionyesha kwamba katika nchi 13 zilizolengwa, Tanzania ikiwemo, idadi ya wenye njaa ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 30. Waziri aliyeshindwa hivyo angehojiwa bungeni. Wafadhili waliandika mkakati mpya, wakaendelea.

Tena fedha hizo si zao peke yao, kwa kuwa sheria ya Marekani humpunguzia kodi anayeweka mali katika wakfu, nao wakfu hulazimika kutoa kiasi cha asilimia 5 tu ya mali yake kwa mwaka, inayobaki ikiendelea kuzaa faida.

Watetezi hujibu kwamba mtoto aliyekalia dawati la msaada hajali limetoka wapi. Hoja hiyo ni ya kitoto: mzazi wake, anayekatwa ushuru wa mazao katika kila kilo ya kakao, ana kila sababu ya kujali kwa nini serikali yake ingoje dawati kutoka ng'ambo. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, miaka 9 tu baada ya Azimio la Arusha kuonya dhidi ya kutegemea misaada, na kuwaacha wakulima wa wakati huo bila chombo chao wenyewe.

Madiwani wa Kyela waanze na sharti moja: bajeti yote ya kila mradi wa wakfu, mishahara na magari yakiwemo, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na kijiji kiwe na haki ya kuukataa.