Saini Isiyo na Wino

Tangu zamani za King's African Rifles, jeshi lililoandikisha vijana wengi wa West Nile, jamaa za askari wa Arua na Koboko zimeijua nguvu ya karatasi. Karatasi ndiyo iliyoleta mshahara, na karatasi ndiyo iliyouzuia. Asiyejua kuandika alichovya dole gumba katika wino. Ajuaye kuandika alitia saini. Kisha mkubwa akagonga muhuri juu yake. Mjane aliyepoteza karatasi alihangaika miaka, na mwenye muhuri wa bandia akala kisichokuwa chake.

Siku hizi hati nyingi hazishikiki kwa mkono. Fomu ya mkopo, barua ya ruhusa, mkataba wa kupangisha nyumba, vyote hufika kwa simu. Ndipo swali linapozuka nyumbani: hati kama hiyo itatiwa saini vipi, na nani atajua kwamba saini ni ya kweli?

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja lililoenea. Watu huandika saini yao kwenye karatasi nyeupe, wakaipiga picha, kisha wakaibandika picha hiyo chini ya barua. Hiyo ni picha ya saini tu. Yeyote aliyepata kuipokea barua hiyo aweza kuikata picha na kuibandika penginepo, hata chini ya hati ya deni. Mjini Kampala iko barabara ya wachapaji, Nasser Road, iliyojipatia sifa mbaya kwa karatasi za kughushi. Lakini kwa kazi ya picha hapana haja ya kufika huko. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuimaliza akiwa amekaa chini ya mwembe.

Saini ya kidijiti ni jambo jingine kabisa. Mwenye kuitumia huwa na funguo mbili, nazo si za chuma bali ni tarakimu ndefu mno zilizozaliwa pamoja kama pacha. Mmoja ni wa siri, haumtoki mwenyewe. Wa pili ni wa wazi, aweza kupewa mtu yeyote. Fikra hiyo ilitangazwa mwaka 1976 na wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kuitumia. Programu huisoma hati yote, herufi kwa herufi, ikaitolea muhtasari wa tarakimu. Muhtasari huo hupitishwa katika ufunguo wa siri, na kitokacho ndicho saini. Mpokeaji naye hutumia ufunguo wa wazi kuipima. Ikiwa hati ilitiwa saini ikisema shilingi 1,000,000, na njiani mjanja akaigeuza 1 kuwa 7, muhtasari hautalingana tena, na programu itasema kwamba hati imeguswa. Muhuri wa mpira hauna uwezo huo. Hukaa kimya juu ya 1, hukaa kimya juu ya 7.

Lakini mpokeaji atajuaje kwamba ufunguo wa wazi ni wa koplo yule, wala si wa tapeli aliyejipa jina lake? Hiyo ndiyo kazi ya cheti cha kidijiti. Cheti ni faili dogo litolewalo na taasisi iliyokwisha kumtambua mtu, likieleza kwamba ufunguo huu ni wa fulani, tangu tarehe hii hadi tarehe hii. Na taasisi yenyewe hutia saini yake. Mfano wake ni mwenyekiti wa LC I anapoandika barua ya kumtambulisha mkazi wa kijiji chake, ila hapa muhuri hauchongwi sokoni.

Uganda ilipata Sheria ya Saini za Kielektroniki mwaka 2011, na kanuni zake zikafuata mwaka 2013. Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U, ndiyo iliyopewa usimamizi wa watoao vyeti. Serikali imeanzisha pia huduma iitwayo UgPass, ambayo kwayo raia aweza kujitambulisha mtandaoni na kutia saini hati kwa simu yake.

Faida yake kwa watu wa mpakani si ndogo. Kutoka Arua hadi Kampala ni kilometa zipatazo 500, na Koboko iko mbele zaidi. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi ya West Nile yalilazimika kuzunguka njia ndefu, na mtu aliyekuwa akipeleka karatasi moja mjini alilipia safari ya siku nzima. Kadhalika majeshi ya Uganda yamo Somalia tangu Machi 2007. Askari aliye huko, na mkewe aliyebaki Koboko akishughulikia kiwanja na ada za shule, waweza kuitia saini hati moja jioni moja, kila mmoja kwa ufunguo wake.

Kila mmoja kwa ufunguo wake: hapo ndipo nyumba nyingi zitakapojikwaa. Askari akiitwa safari, desturi ni kumwachia mke au ndugu kila kitu, pamoja na simu ya pili na namba yake ya siri. Nia ni njema. Lakini ufunguo wa siri si ufunguo wa ghala. Sheria humpa mwenyewe wajibu wa kuutunza, na hati iliyotiwa saini kwa ufunguo wake huhesabiwa kuwa yake mpaka athibitishe vinginevyo. Shemeji akija jioni, akasema, "Mama, nipe ile namba ya kaka nimalize jambo dogo," jibu la heshima lipo: "Shemeji, kaka mwenyewe yupo kwenye simu, mpigie." Karani wa kikosi pia hana haki ya kuiulizia, hata akiwa na cheo kikubwa kuliko mwenye namba.

Jambo ni zito zaidi mtu anapofariki. Mara nyingi, baada ya matanga, hutokea hati ambayo mjane hakupata kuiona, nayo yadaiwa kuwa marehemu aliitia saini. Kwa saini ya wino, hapo ugomvi huanza na ukoo hugawanyika. Kwa saini ya kidijiti iliyo na alama ya wakati, saa na tarehe ya kutiwa saini husomeka. Hati iliyotengenezwa baada ya mazishi haitajificha. Hata hivyo ulinzi huo hutegemea familia kupeleka cheti cha kifo mapema kwa taasisi iliyotoa cheti cha kidijiti, ili kibatilishwe. Na wosia usipelekwe kwenye simu. Wosia wabaki kwenye karatasi, utiwe saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, kama sheria ya urithi itakavyo.

Wala isidhaniwe kwamba watoao vyeti hawadanganyiki. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar iliingiliwa na wezi wa mtandao, vikatolewa vyeti vya uongo, kimojawapo kwa jina la Google. Kampuni ikafilisika mwaka uo huo.

Liko neno la mwisho kwa ofisi zinazopenda karatasi. Hati yenye saini ya kidijiti ikichapwa, saini haiendi pamoja nayo. Kinachobaki ni wino usioweza kupimwa. Kwa hiyo faili lenyewe litunzwe, nakala moja iwekwe mahali pengine mbali na simu, nalo lipelekwe kama lilivyo kwa barua pepe. Simu ikiibwa sokoni Arua, taasisi iarifiwe siku ile ile cheti kifutwe, na saa ya wizi iandikwe kituo cha polisi. Hati zilizotiwa saini kabla ya saa hiyo hubaki na nguvu zake, na zitakazotokea baadaye zitakuwa na swali la kujibu.