Tusiilaumu mashine, tuliguse tumbo la boti

Anayevuka Ziwa Mweru kutoka Nchelenge kwenda Kilwa (ile ya Kongo, si ya pwani ya Tanzania) huuliza mambo mawili: nauli ya mzigo ni kiasi gani, na mashine ni ya farasi ngapi. La tatu haliulizwi: tumbo la boti likoje? Nasema hilo ndilo linalotula fedha.

Ziwani hakuna vigamba vigumu kama vile vinavyoganda kwenye majahazi ya baharini, basi tunajidanganya kwamba hatuna shida. Lakini pitisha mkono chini ya boti kuukuu: utelezi wa kijani, viraka vya bati, vichwa vya misumari, lami iliyoganda mabonge mabonge. Vyote hivyo huyakokota maji. Mashine hulipa kwa petroli, na petroli unailipa wewe ndani ya nauli.

Miaka ya 1870 mhandisi Mwingereza William Froude alivuta mbao ndefu katika tangi la maji huko Torquay, nyingine zimepakwa vanishi, nyingine zimegandishwa mchanga. Zile za mchanga zilikinzana na maji karibu mara mbili ya zile laini. Boti ya mwendo wa polepole, kama zetu zikiwa na mzigo, ndiyo inayoumia zaidi. Ikikazwa mwendo, nguvu nyingi huliwa na mawimbi inayoyatengeneza yenyewe, na hapo msasa hausaidii sana.

Wazee wa pwani walilijua hili bila tangi. Jahazi lilipandishwa ufukweni, likakwanguliwa, likapakwa deheni, yaani chokaa na shahamu.

Sisi tuna nafasi nzuri. Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia, na boti nyingi hulala mchangani. Zigeuzwe, zikwanguliwe, misumari izamishwe, lami isawazishwe. Si lazima zing'ae kama kioo. Rangi za sumu tusizilete kabisa: maji haya tunayanywa, na samaki wake ndio biashara yetu.

Mwenye boti atauliza, miezi hiyo sina kipato, nani atanunua msasa? Ana haki. Jibu langu: sisi wenye mizigo. Wafanyabiashara wa pande zote mbili tukubaliane kuipa mzigo kwanza boti iliyokwanguliwa, hata kama nauli ni ileile. Inayofika mapema hukuta forodha bado iko wazi. Anayefika jioni hulala na samaki wake ufukweni, na samaki hawamsubiri mtu.

Ila ulaini usiwe kisingizio cha kuongeza magunia. Boti ikizama zaidi, sehemu kubwa zaidi ya mbao inasuguana na maji, achilia mbali hatari ya kupinduka.

Safari ijayo, kabla hujatoa kwacha au faranga, inama uguse mbao chini ya mstari wa maji. Mwenye boti akikucheka, mwulize mara ya mwisho aliipandisha lini nchi kavu.