Upozaji wa Maji au Upozaji kwa Maji? Istilahi za Kiswahili Zipimwe Kazini

Mjadala kuhusu jina mwafaka la kompyuta umewashughulisha wapenzi wa Kiswahili kwa muda mrefu. Wapo waliopendekeza tarakilishi, wapo waliopendelea ngamizi, na wapo walioona kuwa kompyuta yatosha. Vitabu vya shule nchini Kenya vimelishika neno la kwanza, ilhali umma mkubwa kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam unaendelea kusema kompyuta. Wino mwingi umemwagika, lakini wengi wa wanaojadiliana wameishia nje ya mashine yenyewe. Wamebishania jina la nyumba bila ya kuingia ndani kuona vyumba. Makala haya yanadai kwamba istilahi haipimwi kwa uzuri wa umbo lake wala kwa makofi ya semina. Kipimo chake ni kazi: mtu aweze kuifuata hatua kwa hatua, afanye jambo gumu, na amalize bila ya kujiumiza wala kuiharibu mali yake.

Kazi iliyochaguliwa hapa kuwa kipimo ni kupanga mtambo wa kwanza wa kuipoza kompyuta ya mezani kwa maji. Ujuzi huu si mpya ulimwenguni. Kampuni ya IBM ilitumia maji kupoza baadhi ya kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka wa 1985 kompyuta ya Cray-2 ilitengenezwa ikiwa imezamishwa ndani ya kiowevu maalumu kisichopitisha umeme. Siku hizi mtu binafsi anaweza kununua vifaa vya kazi hii na kuvifunga sebuleni mwake. Na ichukuliwe mfano wa kijana mwenye studio ndogo ya kuhariri video za harusi mjini Ukunda, karibu na Diani. Kompyuta yake hufanya kazi saa nyingi mfululizo, na feni zake hupiga kelele hadi sauti ya mwimbaji haisikiki vizuri. Je, anaweza kuupanga mtambo huo kwa Kiswahili kitupu?

Kwanza anahitaji kutofautisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: joto na halijoto. Joto ni nishati inayotoka katika kichakataji na kadi ya michoro; halijoto ni kipimo cha ukali wake kwa nyuzi. Kichakataji cha kompyuta ya mezani huweza kutoa wati 65 za joto, na vile vikali hupita wati 200. Kadi kubwa ya michoro huweza kupita wati 300. Halijoto ya kichakataji inapokaribia nyuzi 95 au 100, chenyewe hujipunguzia kasi ili kisiungue. Maji husaidia kwa sababu yanabeba joto jingi: kilo moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja, ambapo kilo moja ya hewa huhitaji karibu kilojuli 1 tu. Kwa ujazo ulio sawa, maji huishinda hewa zaidi ya mara 3,000. Asiyetenganisha joto na halijoto hawezi kuelewa kwa nini maji yenye nyuzi 40, ambayo mkono huyahisi kuwa ya vuguvugu, bado yanaipoza mashine ipasavyo.

Hapa ndipo sarufi inapoingia kazini. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "upozaji wa maji". Kwa Kiswahili, upozaji wa maji ni ile kazi inayofanywa na mtungi: maji ndiyo yanayopozwa. Kompyuta inahitaji upozaji kwa maji, ambapo maji ni chombo na mashine ndiyo inayopozwa. Hata "kupozwa kwa maji", ingawa kunaonekana sahihi, kunabeba maana zote mbili. Fauka ya hayo, mwandishi asiyekuwa makini akiongeza irabu moja tu, kupoza kutageuka kuwa kupooza, na huo ni msiba mwingine kabisa.

Baadhi ya wasomaji wataona kwamba kutofautisha "wa" na "kwa" ni mchezo wa wanaisimu. Sivyo. Mtungi wa udongo hupenyeza maji kidogo kidogo katika vitundu vyake, maji hayo yakawa mvuke, na mvuke ukaondoka na joto. Kwa njia hiyo maji ya mtungini huweza kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Mtambo wa kompyuta haufanyi hivyo. Maji yake yamefungwa ndani, hayageuki mvuke, na kazi yake ni kulihamisha joto kutoka kwenye kichakataji hadi kwenye hewa ya chumbani. Kwa hiyo hauwezi kuishusha halijoto chini ya ile ya chumba. Katika pwani ya kusini, ambako hewa ya miezi ya kaskazi hufika nyuzi 32 na zaidi, kijana aliyepotoshwa na taswira ya mtungi atatumia fedha nyingi akitazamia baridi ambayo haitakuja. Aliyeelewa ataanza na hatua za bei nafuu: kupangusa vumbi, kubadilisha pesti kuukuu iliyo juu ya kichakataji, na kufungua dirisha. Huenda akatambua kuwa hauhitaji mtambo wowote.

Ikiwa atauhitaji, taswira iliyo sahihi haiko jikoni, iko gereji. Makanika anayehudumia matatu zinazopanda kutoka Kombani kwenda Kwale anajua kwa nini gari linachemsha. Anazo pampu, rejeta, mipira, feni, oringi na tangi, na vijana wake wa mkono huvijua vitu hivyo kwa Kiswahili kabla ya kuvijua kwa lugha nyingine yoyote. Mtambo wa kompyuta ni ndugu wa huo: pampu husukuma maji, maji hupita katika bamba la shaba lililokaa juu ya kichakataji, yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta, feni zikalipeperusha joto hilo, na maji yakarudi tangini kuanza safari upya. Ukiondoa kichakataji, sentensi hiyo haikuhitaji neno la kubuniwa chuoni.

Wavuvi wa Gazi, Msambweni na Shimoni wana elimu nyingine inayofaa. Injini ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, na nahodha huutazama mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwa injini. Mchirizi ukikatika, huizima injini mara moja, maana pampu haivuti. Kompyuta iliyopozwa kwa maji inadai jicho lilo hilo: pampu ikisimama, hatari iko karibu, na pampu inayozunguka bila ya maji hujila yenyewe. Kwa sababu hiyo tangi huwekwa juu ya pampu, ili pampu isikose maji wakati wowote. Mvuvi anajua vilevile kwamba metali mbili tofauti zikikutana katika maji, moja huliwa. Ndiyo maana injini za boti hufungwa vipande vya zinki, viliwe vyenyewe badala ya mwili wa injini. Kanuni hiyo hiyo humkataza kijana wa Ukunda kuchanganya bamba la shaba na rejeta ya alumini katika mzunguko mmoja.

Swali la maji yenyewe linaonyesha wazi zaidi kwa nini neno legevu ni hatari. Maji ya visima vya Tiwi na Diani hupita katika miamba ya matumbawe, nayo huja na chokaa. Kila mpishi wa huko ameuona utandu mweupe unaobaki ndani ya birika. Utandu huo ukijijenga katika vijia vyembamba vya bamba la shaba, maji hayatapita. Kwa hiyo hutumiwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na mvuke ukapozwa ukawa maji tena, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Mtaani, maji yaliyokenekwa hujulikana zaidi kwa jina la maji ya betri, kwa kuwa madereva huyanunua kuongezea betri za magari. Lakini wapo pia wanaotumia jina hilo hilo kuitaja asidi ya salfa inayojazwa katika betri mpya. Mwongozo ukisema tu "tia maji ya betri", msomaji mmoja atanunua maji salama na mwingine atarudi nyumbani na tindikali. Hapa istilahi imetoka kitabuni ikafika kwenye ngozi na macho ya mtu. Jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili ni kulitambua neno hilo, kuzitenganisha maana zake mbili, na kuhimiza kwamba pasipoandikwa "maji yaliyokenekwa", pasiandikwe kitu.

Hatua zinazobaki zaelezeka bila taabu. Mpangaji hujumlisha wati za vifaa anavyotaka kuvipoza, kisha huchagua rejeta inayotosha. Wazoefu wengi huanza na nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwa kila kifaa, wakaongeza nafasi moja ya ziada. Palipo na joto kama Diani, ni busara kuongeza zaidi. Huupima mwili wa kompyuta kabla ya kununua chochote, ili rejeta isije ikakosa pa kukaa. Akimaliza kufunga, hutandika karatasi za shashi chini ya kila kiungio, huipa umeme pampu pekee, na kuiacha izungushe maji kwa saa kadhaa, hata siku nzima. Shashi ikilowa, panavuja, nayo mashine bado haijapata madhara. Anayeihofia kazi yote hiyo anaweza kununua mtambo uliojazwa na kufungwa kiwandani, ambao huhitaji kukazwa kwa skrubu na kuunganishwa umeme.

Wapo watakaopinga kwamba anayejenga kompyuta ya aina hii husoma Kiingereza, hivyo kumwandikia kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani maelezo ya viwandani hayaji kwa Kiswahili. Hata hivyo, inasahau namna ufundi unavyofundishwa. Fundi wa Ukunda huenda akasoma karatasi ya kiwanda kwa Kiingereza, lakini humwelekeza msaidizi wake kwa Kiswahili au Kidigo, na humwonya mteja wake kwa Kiswahili. Onyo la "usiiwashe kabla ya kupima uvujaji" hutolewa kwa mdomo, katika lugha ya walio chumbani. Lugha hiyo ikiwa na mianya, hatari hupenya humo.

Wengine watasema kwamba fasihi na sarufi zatosha kuwa mzigo wa idara za Kiswahili, ufundi uachiwe mafundi. Historia inawajibu. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka wa 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kwenye kioo. Waliofanya kazi hizo hawakungoja mafundi wawaletee maneno. Kilichobaki nyuma ni ndani ya sanduku: waya, pampu, bamba na joto.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kuanza bila ya bajeti kubwa. Mwanafunzi anayekwenda likizoni Kwale anaweza kukaa siku mbili gereji na siku mbili bandarini Shimoni akiwa na daftari. Kila neno atakaloandika aliambatanishe na sentensi ya maelekezo, kwa kuwa neno lililoorodheshwa peke yake halionyeshi kasoro zake. Sentensi hiyo isomewe fundi, afanye kile alichokisikia. Akifanya sivyo, kosa lihesabiwe kuwa la sentensi, si la fundi. Palipo na neno tayari, kama rejeta, lishikwe. Palipo na neno lenye maana mbili, kama maji ya betri, lisafishwe. Palipokosekana kabisa ndipo pabuniwe.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haimwelezi mtu wapi afunge pampu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa wasomi wa Kiswahili, mvungu huo uko gereji za Ukunda na mabotini Msambweni, na maneno yaliyomo humo yamekuwa yakifanya kazi siku zote.